Sista Marsela wa Karatu na Kitabu cha Mkaaji wa Mlimani

Alizaliwa mwaka 1930 katika milima ya Mbulu, upande wa Kainam, mahali ambapo baridi ya mwezi wa saba huwafanya hata wazee wanaojidai wagumu wanawe uso tu na kusema wameoga. Baba yake, Tluway, alikuwa mkulima wa mtama na maharage, na alijulikana kwa kuongoza zile sala ndefu za Wairaqw ambazo mzee mmoja husema na mkutano mzima huitikia. Waandishi wengine wa mambo matakatifu wangetuambia hapa kwamba nyota ilisimama juu ya nyumba, au kwamba mtoto alitabasamu badala ya kulia. Hakuna kitu cha namna hiyo. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye kukohoa kila masika, na ubatizo aliupata akiwa ameshaota meno yote, kwa kuwa katekista alipita huko mara chache na kila alipopita mvua ilimharakisha kurudi. Akaitwa Marsela.

Mama yake alifariki akijifungua, Marsela akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka njiani. Kifo kile kiliiingiza nyumba ya Tluway katika metimani. Msomaji asiye wa huku aelewe jambo hili, maana maisha yote ya mtumishi huyu yamepita humo. Kwa desturi ya Wairaqw, nyumba iliyoguswa na kifo cha namna ile hujitenga na wengine mpaka wazee waseme imetosha. Watu wake hupita njia yao peke yao, huteka maji mahali pao, hawaendi kwa jirani kuomba moto wala jirani haji kwao. Si adhabu na si chuki. Ni kuogopa kwamba kifo bado kimesimama mlangoni, na anayekaribia anaweza kuondoka nacho, hasa mwanamke mwenye mimba. Marsela alikaa majira yale pembeni mwa shamba akiwatazama watoto wenzake wakipita mbali. Baadaye aliwaambia masista wenzake kwamba alilia mwanzoni, kisha akazoea, kisha akashangaa kuona huzuni inapungua bila mtu yeyote kuifanyia kazi.

Wito wake haukuja na sauti wala maono. Aliwaona masista wa misheni wakiwazalisha wanawake, akaona wanawake wale wakirudi nyumbani kwa miguu yao, naye akataka wanawake wasife kama mama yake. Basi. Mwaka 1949 aliingia shirikani, akaweka nadhiri zake mwaka 1952, akasomea uuguzi na ukunga, na mwaka 1966 akapelekwa Karatu kuangalia zahanati ndogo ya parokia kwenye njia inayoteremka kuelekea Baray. Hapo alifanya kazi ya watu wanne. Malaria, vidonda, macho ya watoto, wakulima waliojikata na mapanga, na akina mama wa vijiji vyote vya jirani waliokuja kwa miguu kujifungua, wengine wakiwa wameshashikwa na uchungu njiani. Tuseme ukweli uliosemwa na wote waliomfahamu: Sista Marsela alikuwa amechoka. Alichoka mwaka wa kwanza na hakupumzika tena. Alisinzia kwenye rozari, alisinzia kwenye mahubiri, na wenzake walimtania kwamba huyu mwenzetu anasali kwa kukoroma. Sala yake mwenyewe ilikuwa fupi, aliisema akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati kila alfajiri: "Bwana, nimechoka. Tangulia wewe." Jamani, ni wangapi kati yetu wanaothubutu kusali hivyo bila kuongeza maneno ya kujipamba?

Mwaka 1973 alikabidhiwa mgonjwa mwingine juu ya wale aliokuwa nao. Huyu alikuwa Padre Inosenti, mzee wa Ulaya aliyekuwa amestaafu katika nyumba ya mapadre, mwendo wa nusu saa kutoka zahanati, na macho yake yalikuwa yanazimika polepole. Ujana wake aliutumia China. Wakati wa vita mtawa mmoja wa dini ya Tao, yaani dini ya Njia ya Wachina wa kale, alimficha ghalani kwake miezi yote ya baridi, akamlisha, na alipomsindikiza akampa kitabu cha zamani kilichonakiliwa kwa mkono, maneno ya mzee asiyejulikana jina aliyeishi mlimani peke yake. Padre alikiita Kitabu cha Mkaaji wa Mlimani. Mtawa yule aliomba jambo moja tu: kisifungiwe sandukuni, bali kisemwe kwa watu wowote ambao Padre atajikuta nao. Padre alifukuzwa China pamoja na wamisionari wengine, akaja Mbulu, akajikuta na Wairaqw, na kwa zaidi ya miaka ishirini akawa anajaribu kukisema kwa Kiswahili na kushindwa. Kiswahili chake alikipata kwenye vitabu vya sarufi, kilikuwa kimenyooka mno. Sista Marsela alipokuja kumtia dawa ya macho, alimsomea ukurasa.

"Unaelewa, Sista?"

"Naelewa kwa huruma, Padre," alijibu Marsela. "Watu wa huku hawatakuonea huruma kiasi hicho."

Mzee alicheka mpaka dawa ikamwagika. Kisha akamwomba amwazime macho na mdomo wake. Marsela hakutaka. Alikuwa na mlolongo wa wagonjwa, alikuwa na kisima kilichokauka, alikuwa na usingizi wa miaka saba. Lakini alikubali, kwa kuwa mzee alikuwa mpweke na kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, kile kiti cha nyumba ya mapadre kilikuwa kizuri kukalia. Ndivyo kazi takatifu ilivyoanza, kwa sababu ya kiti.

Walifanya kazi alasiri, zahanati ikishafungwa. Padre alisoma kwanza kwa Kichina, kwa kioo cha kukuzia, ili wasikie mwendo wa maneno. Kisha akaeleza. Marsela akafumba macho, na siku nyingine alilala kabisa, naye mzee akamngoja. Akiamka alilisema jambo lile kwanza kwa Kiiraqw, kwa mwendo wa sala za baba yake, na kutoka huko akalivusha kuja Kiswahili. Alikuwa na kanuni yake: hakuna neno lililoandikwa siku ileile. Kesho yake asubuhi aliwasemea akina mama waliokaa kwenye benchi la zahanati, bila kuwaambia limetoka wapi. Wakiendelea kupiga soga, alilirudisha kwa Padre likapikwe upya. Wakinyamaza, au mmoja akisema "Ee, kweli," aliliandika. Kwa njia hii walipata maneno ambayo watu wa Karatu wanayasema hadi leo bila kujua yalisafiri kutoka wapi: "Mlima haujikazi kuwa mrefu; umekaa, na mawingu yanaufuata." Pia lile la ukurasa wa kwanza, ambalo Marsela alilipenda kuliko yote: "Aliyechoka asione haya kukaa chini. Ardhi haikumwita, wala haitamfukuza."

Kulikuwa na maswali, bila shaka. Sista aliuliza kama hii Njia inayotajwa kila ukurasa ndiyo Bwana wetu, aliyesema kwamba yeye ndiye njia. Padre akamjibu: "Usiwaambie ndiye, usiwaambie siye. Yule mtawa hakuniuliza Mungu wangu ni nani kabla ya kunifungulia ghala. Tafsiri tu." Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Valeriani, naye alikuja kwa ukali kidogo. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, kila mkutano ukihimiza jembe, naye alikuwa amesikia kwamba nyumba ya mapadre kuna kitabu kinachofundisha kutofanya. "Padre, sisi tunawaamsha watu, wewe unawalaza? Hata Wachina wenyewe wanachapa kazi, wametujengea reli nzima!" Padre alimweleza kwamba kitabu hakimwambii mtu asilime, kinamwambia asivute mche ili ukue haraka. Valeriani, mkulima mzuri, alikubali kwamba kuvuta mche ni ujinga, akanywa chai, akaenda zake.

Mwishoni mwa mwaka 1975 jicho la pili la Padre nalo lilianza kuzimika. Walikuwa wamefika nusu ya kitabu. Mzee alimshika Sista mkono akamwambia, "Macho yakizima, usiniache njiani. Nitakusomea kwa kumbukumbu, ninazo kurasa zote kichwani. Ila uje." Marsela akaahidi: "Sikuachi, Padre. Tutakimaliza." Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na aliyeahidiwa hakuwa na kitu kingine kilichobaki duniani.

Ndipo walipofikia sehemu ya katikati, ambayo ndiyo moyo wa kitabu. Mkaaji wa Mlimani anaeleza hapo hali ya mtu aliyeacha kusukuma mambo: hadai wala hadaiwi, anakaa kando, na kilicho kizito kinajishusha chenyewe. Walijaribu maneno ya kila aina. Kutulia, kuacha, kungoja, yote yalikuwa mepesi. Alasiri moja Marsela alikumbuka pembeni mwa shamba la baba yake. Akasema, "Padre, hiki kitu sisi tunacho. Kinaitwa metimani." Akamsimulia. Mzee yule alilia machozi, akasema kwamba amezunguka nusu ya dunia akitafuta watu wanaokijua kitabu hiki kabla hawajakisoma.

Kesho yake asubuhi, Marsela aliwasemea akina mama kwenye benchi. Aliwaambia kwa Kiiraqw, kwa sauti ya sala, kwamba heri yule anayeingia metimani kwa hiari yake, akakaa humo bila kuogopa. Wote walinyamaza kimya. Sista wa watu akauchukua ukimya ule kuwa heshima, akafurahi, akaingia ndani kuchemsha sindano. Kosa hili asingelifanya mgeni, maana mgeni asingelijua neno lenyewe. Ilibidi awe mtoto wa Kiiraqw, mtoto aliyekaa metimani na kutoka salama, na aliyeishi konventini muda mrefu hata akasahau hofu na kubaki na kumbukumbu tu. Metimani haiitwi. Inakuja na kifo, na anayeiita ameita kifo. Na yeye aliwaita humo wanawake wenye mimba, kwenye benchi la mahali wanapojifungulia. Kesho yake benchi lilikuwa tupu, na keshokutwa tupu. Zahanati nzima ikahesabiwa kuwa nyumba yenye metimani. Sista alitembea nyumba kwa nyumba kueleza, na kila alipokaribia mlango ulifungwa taratibu, bila matusi, jinsi watu wa huku wanavyofunga.

Mwezi wa nne mwaka 1976, Bernadina, mke wa mkulima kijana aitwaye Clemensi, alishikwa na uchungu. Alikuwa mmoja wa wale waliosikia maneno yale benchini. Mtoto alitoka salama, wa kike, lakini damu haikukata. Mama mkwe akasema apelekwe kwa Sista. Clemensi alisimama mlangoni akakataa: "Huko kuna metimani. Nimpeleke mke wangu kwenye kifo kwa miguu yangu?" Walimbeba kuelekea Karatu mjini, njia ndefu, matope ya masika mpaka magotini, na Bernadina alifia njiani, akipitishwa nyuma ya zahanati ambayo taa yake ilikuwa inaonekana. Dawa ya kukaza kizazi ilikuwa kabatini. Sista Marsela alikuwa ndani, macho, akimngoja mgonjwa yeyote.

Habari zilimfikia. Alifungua kabati, akaitazama ile chupa ya dawa, akalifunga. Masista wanasema alifanya hivyo kila siku kwa juma zima. Kisha akaenda kwa wazee akawauliza ni kitu gani kitakachowarudisha akina mama. Wazee walikuwa watu wa kanisani karibu wote, na walijibu kwa aibu lakini walijibu: aliyeita metimani aikalie. Akitoka zahanati na kwenda kukaa kando mpaka mavuno ya mwaka utakaofuata, itakuwa imemfuata yeye, na sista mwingine anaweza kuwapokea wanawake. Lakini akiivunja hata alasiri moja, akaingia nyumba ya watu, mambo yatarudi kuwa mabaya kuliko kwanza.

Mkuu wa shirika, Mama Antonia, alikuja mwenyewe kutoka Mbulu, amekasirika. Bibi arusi wa Kristo akae katika mwiko wa kipagani, mbele ya wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa? Marsela alipiga magoti mbele yake akasema maneno ambayo shirika limeyahifadhi: "Mama, mwiko siuogopi. Nawaogopea wanawake. Kama watarudi kwa sababu nimekaa, nitakaa. Ukinikataza nitatii, lakini uje uwazalishe wewe." Mama Antonia alikuwa mkali, hakuwa mpumbavu. Akampa ruhusa, akamtuma sista mwingine kushika zahanati, akaondoka bila kunywa uji.

Akakaa. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa shamba la misheni, juu ya korongo, alipika peke yake, aliteka maji peke yake, Ekaristi aliwekewa juu ya jiwe lililotandikwa kitambaa na padre aliyesimama mbali kidogo, maana hata paroko alitaka watu waone kanuni inafuatwa. Mwezi wake wa pili kibandani, akina mama walianza kurudi benchini. Aliwaona kutoka kule juu, vitenge vyao, wakipanda kwa mwendo wa wajawazito. Alilia kwa furaha, kisha akalala mchana kutwa, kwa mara ya kwanza tangu aweke nadhiri. Lakini kila alasiri, saa yao ya kazi, Padre Inosenti alikuwa amekaa mwendo wa nusu saa kutoka pale, kipofu kabisa sasa, kurasa zote kichwani, akingoja.

Mwezi wa kwanza mwaka 1977 mzee alishikwa na homa ya mapafu. Alituma mtu akasimama mbali na kibanda akapaza sauti: "Sista, Padre anasema njoo. Anasema ameanza kusahau kurasa." Marsela alisimama. Alivaa viatu. Alifika mpaka kwenye njia, na waliokuwa wanapalilia mahindi jirani wakaacha majembe wakamtazama, na katikati yao wawili walikuwa na mimba. Alisimama pale mpaka jua likageuka. Hapakuwa na uchaguzi mzuri; wahubiri wanaotuambia kwamba Mungu huweka daima mlango wa tatu hawajawahi kusimama kwenye njia ile. Mwishowe akamwambia yule mjumbe: "Mwambie siji. Mwambie nimeikuta ile sehemu ya katikati, nimekaa ndani yake. Mwambie anisamehe." Akarudi, akavua viatu. Padre alipoletewa jibu aliuliza lirudiwe. Akasema, "Basi amekielewa kuliko mimi," akaacha kuhesabu kurasa, na kesho yake akafariki. Kengele ya parokia ilisikika mpaka kibandani. Nusu ya kitabu ikabaki kwa Kichina, na hakuna mtu Karatu nzima aliyeweza kuisoma.

Baada ya mavuno wazee walisema imetosha. Majirani wote walikuja kumsalimia na kumletea moto wa jiko, kama desturi inavyotaka, wote isipokuwa Clemensi. Yeye alipokutana naye njiani alivuka upande wa pili, mtoto wake mgongoni. Hakumtukana kamwe. Alivuka tu, mwaka hadi mwaka, na Sista Marsela aliacha kumfuata kwa maneno, kwa kuwa maneno ndiyo yaliyomponza mwanzo.

Mwaka 1978 aliomba kutumwa Ngorongoro, kwa wafugaji wa Olbalbal, kule bondeni chini ya milima ya kreta, ambako maji ni ya kutafuta kwa miguu na zahanati ilikuwa sanduku la dawa mgongoni mwa punda. Alitembea na ng'ombe wa watu na akina mama wao. Huko alisoma tena ile nusu ya kitabu waliyokuwa wameitafsiri, na mara nyingine aliisema kwa sauti wakiwa njiani. Mwanamke mmoja wa Kimaasai, Nosim, ambaye alimzalisha watoto wawili na kuwa rafiki yake mkubwa, alimsikiliza akisema kwamba aliyechoka asione haya kukaa chini.

"Huyo mzee wako wa China alikuwa na ng'ombe wangapi, yeyo?" aliuliza Nosim, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Hakuwa na ng'ombe."

"Ndiyo maana alikaa," alisema Nosim, akaendelea kutembea.

Sista alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo alikuwa akisema kwamba kuna kukaa kwa makalio na kuna kukaa kwa moyo, na kwamba huku kwa pili kunawezekana hata mtu akiwa anatembea nyuma ya ng'ombe wenye kiu. Padre msomi kutoka Arusha alimshauri amalizie nusu iliyobaki kwa hekima yake mwenyewe, maana roho ya kitabu anayo. Alikataa. "Sikuambiwa yaliyomo. Nikiandika, nitakuwa najiandika mimi." Katika ukame wa mwaka 1984, ng'ombe walipokufa kwenye vumbi na wanaume wakapoteza hata hamu ya kuongea, alikaa nao kimya, hakuhubiri, aligawa maji na unga wa msaada, na wale watu bado wanamsifu kwa kutohubiri. Lakini ukame ule ulimmaliza. Moyo ulianza kuvimba, miguu ikajaa maji, na mwaka 1986 alirudishwa Karatu juu ya godoro ndani ya lori la mahindi.

Alilazwa chumba cha nyuma cha zahanati ile ile. Mwezi wa tisa mwaka 1986, sista aliyemhudumia alimwona mwanamume amesimama nje ya dirisha kwa muda mrefu, kofia mkononi. Alikuwa Clemensi, nywele zimeanza kuota mvi. Aliingia akasimama karibu na mlango, na sista yule alikaa pembeni kwa kuogopa ugomvi, ndiyo maana maneno haya tunayo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Clemensi. Karibu ukae."

Hakukaa. "Miaka kumi nimekichukia kile kitabu," alisema. "Na sijui hata kinasema nini. Sijawahi kumwuliza mtu. Leo nimekuja kuuliza. Kinasema nini?"

Sista Marsela alikuwa hana pumzi ya kusema mengi. Alifumba macho mpaka wakadhani amelala. Kisha akasema kwa Kiiraqw, lugha ambayo Bernadina alisikia nayo maneno ya benchini: "Kinasema, aliyechoka asione haya kukaa chini. Ardhi haikumwita, wala haitamfukuza."

"Hayo tu?"

"Mengine ni kuyaeleza hayo. Mimi nilieleza vibaya."

Clemensi aligeuza kofia mikononi. "Bernadina angeyapenda," alisema. "Alikuwa anachoka sana, Sista. Alikuwa anachoka, na mimi nilikuwa namwambia inuka." Akasema tena, kwa sauti ya chini: "Ni mimi niliyesimama mlangoni. Si wewe. Ni mimi niliyekataa asiletwe."

"Tulikuwa wawili," alijibu Marsela. "Kaa sasa."

Akakaa, sakafuni, mgongo ukutani. Sista Marsela alifariki jioni ile kabla ya kengele ya Malaika wa Bwana, na Clemensi alikuwa bado amekaa palepale, na hakuondoka nyumba ya kifo kama desturi ilivyomtaka, wala hakuna mzee aliyemwambia aondoke.

Alizikwa kando ya Padre Inosenti. Kanisa bado halijamtamka kuwa mtakatifu, nasi hatutaki kulitangulia. Tunayasimulia yaliyo midomoni mwa watu. Wanasema wajawazito wanaopita kaburini hupata wepesi. Wanasema watu wasiolala, wajane na wenye madeni ya moyo, huenda pale kusali Baba Yetu na kusinzia kabla ya kufika "utuopoe maovuni". Wapo wanaoona muujiza huu ni mdogo. Hao wamelala vizuri maisha yao yote. Nusu ya kitabu imechapwa kwa mashine na masista, kurasa chache, na mahali ilipokatika hawakuongeza neno.

Wengi huuliza ni fadhila ipi ya mtumishi huyu tuiige: utii wake, uvumilivu wake, au kukaa kwake. Igeni mnachoweza. Lakini kwa sisi tulio wengi, wagumu na waliochoka, napendekeza tuanze na kumwiga yule Clemensi siku alipoingia mlangoni na kuuliza. Yupo mtu ambaye umemvukia upande wa pili wa njia miaka yote hii, na hujawahi kumwuliza alikuwa anasema nini. Unajua yuko wapi. Umechoka, hata mimi nimechoka. Nenda hivyohivyo, kabla hajaishiwa pumzi ya kukujibu.